Stephen King: kwa nini mmoja humsifu, mwingine humponda, na wote wana hoja

Kila filamu iliyotokana na maandishi ya Stephen King inapoingia kwenye kumbi za sinema, ubishi uleule hufufuka. Mwaka 2025 zilifuatana The Monkey, The Life of Chuck, The Long Walk na The Running Man, na baadhi ya waliozitazama wakaenda kutafuta vitabu vyenyewe. Hapo ndipo kauli zinapoanza kugongana. Mmoja anasema hajawahi kukutana na msimuliaji kama huyu. Wa pili amesoma kurasa mia mbili na hajaona hata kivuli cha jini. Wa tatu amemaliza kitabu kizima, akapenda kila kitu isipokuwa mwisho, na mwisho huo umemuudhi hadi anajuta kukianza. Wa nne ameduwaa: kumbe hata ile filamu maarufu ya jela imetoka kwake?

Ukiwasikiliza wote wanne utadhani wanazungumzia waandishi wanne. Wanamzungumzia mmoja, ila hawakusoma kitabu kimoja, wala hawakukiendea kwa haja moja. Kuna na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi: sifa ambayo wapenzi wake wanampendea ndiyo hiyohiyo inayozaa kasoro ambazo wapinzani wake wanamsutia. Haziji moja bila nyingine.

Kwanza tuelewane

King alizaliwa mwaka 1947 huko Portland, katika jimbo la Maine, Marekani, na vitabu vyake vingi vimejengwa humo, katika miji midogo ambayo kila mtu anamjua mwenzake. Riwaya yake ya kwanza, Carrie, ilitoka mwaka 1974. Tangu hapo ametoa zaidi ya vitabu 60.

Riwaya ya kutisha ni hadithi ndefu ambayo kazi yake kubwa ni kumtia msomaji hofu. Kinachotisha kinaweza kuwa mzimu, mbwa aliyeshikwa na kichaa, ugonjwa, au baba wa familia anayebadilika polepole. Lakini hofu yenyewe si ya aina moja, na King mwenyewe aliieleza vizuri katika Danse Macabre, kitabu cha mwaka 1981 ambacho si hadithi bali ni maelezo yake kuhusu fani hii. Aliipanga katika ngazi tatu. Ya juu kabisa ni hofu ya kitu ambacho hakijaonekana: mlango umefungwa, kuna kinachokwaruza upande wa pili, na akili ya msomaji inafanya kazi iliyobaki. Ya pili ni kitisho cha mlango kufunguka na dude kujitokeza. Ya chini ni kinyaa, yaani damu, usaha na matumbo nje. Akakiri kwamba hulenga ile ya juu; ikimshinda, huteremka kwenye ya pili; na hiyo nayo ikimshinda, huenda kwenye kinyaa bila kuona haya.

Ukiri huo peke yake unatatua sehemu ya ubishi. Anayetafuta ngazi ya juu atakasirika akikutana na matumbo. Aliyekuja kwa ajili ya matumbo atapiga miayo mbele ya mlango uliofungwa. Na katika kitabu kimoja cha King ngazi zote tatu zinaweza kuwepo, wakati mwingine ndani ya sura moja.

Jambo jingine la kuweka sawa ni mpaka kati ya riwaya pendwa na riwaya dhati. Riwaya pendwa huandikwa ili isomwe na wengi kwa hamu: taharuki nyingi, matukio mengi, lugha nyepesi. Riwaya dhati hutarajiwa kumfikirisha msomaji zaidi na kudumu. Mpaka huo una matundu mengi kuliko wahakiki wanavyokubali, na King amekaa juu yake kwa nusu karne, akirushiwa mawe kutoka pande zote mbili.

Tena si kila alichoandika ni cha kutisha. Different Seasons, ya mwaka 1982, ina hadithi nne ndefu, na humo ndimo ilimotoka The Shawshank Redemption, ile filamu ya jela, pamoja na ile ya Stand by Me. Riwaya ya 11/22/63 inamhusu mwalimu anayerudi nyuma katika wakati ili azuie kuuawa kwa Rais Kennedy. Mr. Mercedes ni riwaya ya upelelezi, na ilishinda tuzo ya Edgar ambayo hutolewa kwa fani hiyo. Kisha kuna mfululizo wa The Dark Tower, nusu ngano na nusu hadithi ya wachunga ng'ombe wenye bastola. Anayesema "nimemsoma King na sikumpenda" anapaswa kwanza kuulizwa: King yupi?

Jinsi anavyoandika, na gharama yake

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waandishi wengi wa taharuki huanza na msuko, yaani mpangilio wa matukio uliowekwa mapema. Wanajua nani atakufa, nani muuaji, na ukurasa wa mwisho utasema nini. Kisha wanarudi mwanzo na kuwasukuma wahusika kuelekea huko. King hafanyi hivyo. Katika On Writing, kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu maisha na kazi yake, anasema wazi kwamba hauamini msuko. Humweka mtu wa kawaida katika hali ngumu, kisha anatazama atafanya nini. Kwake hadithi ni kama mifupa ya kale iliyofukiwa ardhini: kazi ya mwandishi ni kuifukua kwa uangalifu bila kuivunja.

Faida ya njia hii inaonekana vizuri katika Misery ya mwaka 1987. Mwandishi wa riwaya anapata ajali ya gari kwenye theluji, anaokolewa na mwanamke anayeabudu vitabu vyake, kisha anagundua kwamba mwokozi huyo hana nia ya kumwachia. Kitabu karibu chote ni watu wawili ndani ya nyumba moja. King anaeleza kwamba mwanzoni alitarajia mwandishi huyo afe, na kwa namna ya kuchukiza sana. Lakini alipokuwa akiandika, mhusika wake akawa mbunifu na mkaidi kuliko alivyomdhania, na hadithi ikageuka. Mwandishi aliyefungwa na msuko angemuua tu. Msomaji wa Misery hana uhakika wa lolote hadi mwisho kwa sababu aliyeiandika naye hakuwa nao.

Sasa tazama upande wa pili wa sarafu. Alipokuwa akiandika The Stand, hadithi ya watu wachache walionusurika baada ya ugonjwa kuifyeka dunia, alifika mahali akakwama. Wahusika walikuwa wengi, kila mmoja na njia yake, na hakuona wanaelekea wapi. Anasimulia kwamba alikaribia kuutupa mswada wote. Kilichomwokoa ni wazo lililomjia baada ya siku nyingi za matembezi: aweke bomu, liue wahusika kadhaa muhimu, na waliobaki walazimike kusonga mbele. Likafanya kazi. Wasomaji wengi hulikumbuka tukio hilo kama mshtuko mkubwa wa kitabu. Lakini ukijua chanzo chake, unaelewa pia kwa nini wengine hulalamika kwamba matukio makubwa ya King wakati mwingine huanguka kutoka angani.

Malalamiko kuhusu mwisho yanatoka hapohapo. Mtu asiyejua anakokwenda anaweza kufika mahali pa ajabu, na anaweza kufika uwanja mtupu. It, riwaya yake ya mwaka 1986 yenye zaidi ya kurasa 1,100, inawapenda sana watoto wake saba, na msomaji naye anawapenda. Lakini ule uovu uliotisha kwa kurasa elfu moja ukiwa umejificha, unapungua ukubwa mara tu unapopewa umbo. Ndiyo ile ngazi ya juu ikiteremka kwenye ya pili, maana mlango lazima ufunguliwe siku moja. Under the Dome ya mwaka 2009 nayo inafunika mji mzima kwa kuba lisiloonekana, inachambua kwa ustadi jinsi watu wanavyogeukana, kisha inatoa maelezo ya kuba hilo ambayo wasomaji wengi waliyaona madogo mno kwa kitabu kikubwa namna ile. Mimi nipo upande wa walalamikaji hapo.

Mwenyewe analijua hilo na hulifanyia mzaha. Katika filamu ya It Chapter Two ya mwaka 2019, mmoja wa wahusika ni mwandishi ambaye kila mtu anamsema kwa miisho mibovu, na King anatokea kama mwenye duka anayemwambia kwamba hakuupenda mwisho wa kitabu chake. Katika buku la mwisho la The Dark Tower, la mwaka 2004, alikwenda mbali zaidi: kabla ya sehemu ya kufungia alimgeukia msomaji na kumshauri aishie pale kama ameridhika. Na mwongozaji Frank Darabont alipoibadilisha hatima ya hadithi yake ya The Mist katika filamu ya mwaka 2007 na kuifanya ya kikatili kuliko ile ya kitabu, King aliisifu.

Urefu nao una mzizi huohuo. Katika 'Salem's Lot ya mwaka 1975, wanyonya damu wanaingia mji mdogo, lakini kabla hawajaumaliza tunapitishwa nyumba hadi nyumba: nani ana deni, nani anampiga mtoto, nani anamwibia nani mke. Msomaji wa pili, yule wa kurasa mia mbili bila jini, anaita hayo kuchelewesha. Wa kwanza anasema ndiyo yanayofanya kifo cha mtu katika sura ya baadaye kimuumize msomaji. Wote wawili wamesoma ukurasa uleule kwa usahihi. Wanachotofautiana ni bei wanayokubali kulipa.

Dhana zinazozunguka

Ya kwanza ni kwamba anayeandika vingi lazima aandike vibovu. Katika On Writing, King anasema lengo lake lilikuwa maneno 2,000 kwa siku. Kwa miezi mitatu hayo ni maneno 180,000, ambayo ni riwaya nene. Hakuna muujiza hapo, ni kukaa kitini kila siku. Kuhusu ubora, mfikirie mshambuliaji anayecheza kila mechi kwa miaka ishirini: atakosa mabao mengi kuliko aliyecheza msimu mmoja, na huwezi kumpima kwa kuhesabu aliyokosa peke yake. Mwaka 1987 King alitoa vitabu vinne. Kimoja kilikuwa Misery, ambacho hata baadhi ya wasiompenda hukiheshimu. Kingine kilikuwa The Tommyknockers, ambacho yeye mwenyewe alikuja kukiita kibaya sana, akisema ndani ya kurasa zake 700 huenda kuna riwaya nzuri ya kurasa 350.

Mfano huo unaibomoa na dhana ya pili, kwamba vitabu vyake bora viliandikwa na pombe na dawa za kulevya, na alipoacha kipaji kikaondoka. Ni kweli alikuwa mlevi na mtumiaji wa kokeini hadi familia yake ilipomkabili miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Amekiri kwamba hakumbuki vizuri hata kuiandika riwaya yake ya Cujo. Lakini The Tommyknockers na Misery zote ni za kipindi hicho, na amesema kwamba yule mwanamke wa Misery ndiye kokeini yenyewe: ilimshika na haikutaka kumwachia. Uraibu uleule, mwaka uleule, kitabu kimoja kikatoka imara na kingine kikavimba. Kwa hiyo uraibu haujibu swali. Na 11/22/63, ambayo wapenzi wake wengi huiweka karibu na kilele, ilitoka mwaka 2011, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuacha.

Ya tatu: vitabu vyake vinauzwa na jina tu. Hili lilimsumbua hata yeye, na akajaribu kulipima. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1984 alitoa riwaya tano kwa jina bandia la Richard Bachman, zikiwemo The Long Walk na The Running Man, ambazo sasa zinauzwa kwa jina lake na kugeuzwa filamu. Sababu moja ilikuwa wachapishaji kuamini kwamba soko halihimili vitabu viwili vya mwandishi mmoja kwa mwaka. Nyingine ilikuwa kutaka kujua kama mafanikio yake yalikuwa kipaji au bahati. Mwaka 1985 mfanyakazi wa duka la vitabu mjini Washington aliitambua sauti yake, akachimba kumbukumbu za hakimiliki, na siri ikatoka. King akatangaza kwamba Bachman amefariki kwa saratani ya jina bandia.

Riwaya ya mwisho kabla ya kufichuliwa, Thinner, ilikuwa imeuza nakala 28,000. Baada ya watu kujua ni ya nani, mauzo yakapanda takriban mara kumi. Wanaomponda hulishika hilo: jina tu! Lakini nakala 28,000 kwa mwandishi asiyejulikana na asiyefanyiwa matangazo makubwa si haba. Jina humfikisha msomaji dukani. Halimfanyi amalize kurasa 1,100. King mwenyewe alisikitika kwamba jaribio lilikatizwa kabla halijatoa jibu.

Ya nne ni kwamba wahakiki wanamwonea wivu. Mwaka 2003 taasisi ya National Book Foundation ilimpa nishani yake ya mchango mkubwa katika fasihi ya Marekani. Mhakiki Harold Bloom aliandika kwa ghadhabu kwamba huo ni uamuzi wa kufedhehesha na kwamba King hana thamani ya kifasihi. Usiku wa kupokea, King aliwataka wenye tuzo wasiwapuuze waandishi wanaosomwa na umma, na akawataja baadhi. Baadaye jioni hiyohiyo Shirley Hazzard, aliyeshinda tuzo ya riwaya, alimjibu jukwaani kwa adabu lakini bila kumung'unya: hakuona faida ya kupewa orodha ya wanaosomwa sana kwa wakati huu. Kuita hayo wivu ni kukwepa hoja. Bloom na Hazzard walipima sentensi. Wapenzi wa King wanapima mtu aliyemo ndani ya sentensi. Sentensi za King mara nyingi ni za kazi tu, zinafika zinakokwenda. Asomaye kwa ajili ya lugha hatashiba, na hakuna haja ya kumlazimisha aseme ameshiba.

Kuna pia lawama nzito kuliko ya mtindo, nayo haipaswi kufunikwa na sifa. Katika vitabu vyake kadhaa vya zamani, mhusika Mweusi huja akiwa na karama isiyo ya kawaida na kazi yake kubwa ni kuwaokoa au kuwaongoza Wazungu: mpishi wa hoteli katika The Shining, bibi mzee wa The Stand, mfungwa John Coffey wa The Green Mile. Spike Lee, mwongozaji wa filamu, ni miongoni mwa waliolishambulia umbo hilo hadharani, akiitaja filamu ya The Green Mile. Msomaji anayesema hapo amechoka hajakosa kuelewa kitu. Wahusika hao wana wema mwingi na maisha machache.

Filamu si kitabu

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatoka kwenye sinema. The Shining ya mwongozaji Stanley Kubrick, ya mwaka 1980, huhesabiwa na wengi kati ya filamu kuu za kutisha, na King amekuwa akiilalamikia kwa miongo mingi. Kitabu chake cha mwaka 1977 ni hadithi ya mlevi anayempenda mwanawe na kujitahidi asirudi kwenye chupa, huku hoteli ikimtafuna kidogo kidogo. Katika filamu, baba huyo anaonekana kichaa tangu dakika za mwanzo, kwa hiyo hana pa kuanguka kutoka. Hata miisho ni kinyume: kitabuni hoteli inateketea kwa moto, katika filamu baba anaganda kwenye theluji. Aliyeipenda filamu kwa ubaridi wake anaweza kukikuta kitabu kina machozi mengi. Aliyependa machozi hayo ataiona filamu haina moyo.

Kwa hiyo mtu akiuliza aanze na kipi, nami nitamuuliza anachukia nini. Asiyependa kusubiri aanze na Misery au Carrie, ambayo ni fupi na imejengwa kwa vipande vya ripoti na magazeti. Asiyetaka mazimwi achukue Different Seasons. Anayetaka giza lisilo na huruma aende Pet Sematary ya mwaka 1983, ambayo King aliiweka kabatini kwa muda akiona amevuka mpaka. It na The Stand ni za mtu aliyekwisha kukubali kuishi na wahusika kwa wiki kadhaa. Ukiacha The Stand katikati hakuna aliyekuhukumu. Huenda hitaji lako lilikuwa kitabu kingine cha mtu huyohuyo.

Na usimtegemee mwandishi akuchagulie. Kitabu ambacho King amekitaja mara nyingi kuwa anakipenda kuliko vyote alivyoandika ni Lisey's Story ya mwaka 2006, kuhusu mjane wa mwandishi maarufu, kilichojaa maneno ya siri ambayo mume na mke hao walijitungia. Wapo wasomaji waliomfuata tangu Carrie ambao hawakuweza kuyavumilia maneno hayo kupita sura za mwanzo.